Malisho ya Kuku wa Mayai Katika Nchi ya Mvua Moja: Mtinko, Singida

Malisho ya kuku ni ardhi ambamo kuku wanaofugwa huria hupata sehemu ya chakula chao kwa kudona majani, kuokota mbegu na kuchakura wadudu. Mkoani Singida ardhi hiyo ni ua wa nyumba, kingo za shamba, na mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Mtanzania akisikia malisho huwaza ng'ombe. Kuku huachiwa ua, kana kwamba ua hauishi. Unaisha. Katika kata ya Mtinko, kaskazini mwa mji wa Singida, kaya yenye kuku wengi hutambulika kwa uwanda mweupe unaozunguka banda: udongo mgumu uliochambuliwa na makucha mpaka hata ukoka haushiki.

Sifa ya Singida kwa kuku ni ya zamani. Kuku wa kienyeji wamekuwa wakisafirishwa kwa matenga juu ya malori na mabasi kwenda Dodoma na Dar es Salaam, na mlaji wa mjini hulitaja jina la mkoa huu anapotaka kuku mwenye ladha. Kwa mayai ya kuuza hesabu ni nyingine. Kuku wa kienyeji hutaga kwa mizunguko mitatu hivi kwa mwaka, mayai 10 hadi 15 kila mzunguko, kisha anaatamia. Sehemu kubwa ya mayai hayo huwa vifaranga. Anayetaka kujaza trei huingia kwenye chotara, au kwenye aina za Kuroiler na Sasso, ambao taasisi za utafiti wa mifugo TALIRI na ILRI ziliwapima kwa wafugaji wa Tanzania katika mradi wa African Chicken Genetic Gains kuanzia katikati ya miaka ya 2010. Hao hutaga mara kadhaa zaidi. Pia ni wazito, wanakula zaidi, na mfugaji huwaleta kwa makumi. Hapo ndipo ua uliowatosha kuku 12 wa bibi unapogeuka jangwa kwa msimu mmoja.

Kuku hula nini nje

Kuku si mla nyasi. Hana tumbo la kucheua. Firigisi husaga majani kidogo tu na mengi hupita yalivyo. Nguvu ya kutaga huitoa kwenye nafaka, mbegu, wadudu na makombo ya jikoni. Majani humpa vitamini na rangi. Kiini cha njano iliyokolea, ambacho wanunuzi wa mayai ya kienyeji hukilipia zaidi, hutokana na rangi zilizomo kwenye majani mabichi na mahindi ya njano, wala mwili wa kuku hauwezi kuzitengeneza. Mahindi yetu ni meupe. Kwa hiyo kiini cha yai la Mtinko kinategemea majani, na kikianza kupauka mwezi wa nane kinaeleza hali ya malisho vizuri kuliko jicho la mfugaji.

Majani yanayofaa ni mafupi na laini: mchicha pori, mgagani, mlenda, kongwe, machipukizi ya ukoka. Nyasi ndefu zenye nyuzi ngumu zinaweza kujisokota ndani ya gole na kuliziba. Ila utajiri wenyewe wa malisho uko chini ya majani: panzi, mchwa, mabuu ndani ya samadi ya ng'ombe, kumbikumbi baada ya mvua za kwanza. Wadudu hawa wanahitaji kivuli, majani makavu na unyevu kidogo. Ua unaofagiliwa kila alfajiri hadi nyuma ya banda hauna hata kimoja kati ya hivyo. Najua nagusa heshima ya nyumba, maana ua mchafu huzaa maneno. Basi na ufagiliwe upande wa mlangoni, upande wa kuku uachwe na takataka zake.

Wafugaji wengine huwapandisha mchwa makusudi. Chungu kibovu hujazwa mabua na samadi iliyoloweshwa kidogo, kikafudikizwa jioni juu ya njia ya mchwa, na asubuhi kikafunuliwa mbele ya vifaranga. Ni chakula cha protini kisicho na gharama, na hufanya kazi hata kiangazi mradi chungu kiwe na unyevu.

Jinsi ardhi inavyoharibika

Kuku huanza na kilicho bora. Hung'oa chipukizi changa, hurudi kesho kwa lile lililojaribu kuota tena, na baada ya wiki chache mizizi huchoka. Makucha hufuata, yakiacha udongo wazi kwa jua na upepo. Kisha kinyesi: chenye naitrojeni nyingi, kikirundikana huunguza majani.

Uharibifu huu hausambai sawasawa. Kuku wa nyumbani ametokana na kuku mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na bado ana woga wa mwituni: hapendi anga tupu, ambako mwewe hutokea. Akitoka bandani hukaa karibu na ukuta, chini ya mti, kando ya ghala. Mfugaji mwenye ekari nzima anaweza kukuta robo yake tu ndiyo inayotumika, tena imekufa, huku iliyobaki ikiwa na majani ya kiunoni. Kwa hiyo swali la kwanza la malisho ya kuku ni kivuli. Mstari wa mbaazi uliopandwa kutoka bandani hadi mwisho wa kitalu huwapeleka kuku mbali kuliko mtama uliomwagwa huko. Mbaazi hurutubisha udongo, husimama zaidi ya msimu mmoja, na punje zake huliwa na watu. Kuku wasiingizwe kabla haijapita kimo cha goti. Miti ya kudumu, mgunga au mwarobaini, hufanya kazi hiyo hiyo kwa miaka, ila shina lizungushiwe mawe, kwa sababu kuku huchimba hapo shimo la kuogea vumbi na mizizi hubaki nje.

Idadi: hesabu ifanywe Septemba

Katika Umoja wa Ulaya, yai huitwa la kuku huria ikiwa kila kuku ana angalau mita 4 za mraba nje, yaani kuku 2,500 kwa hekta. Kwa ekari yetu ni karibu 1,000. Lakini sheria za kilimo hai za huko zimeweka pia kikomo cha samadi, kilo 170 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka, na zilipogeuza kiasi hicho kuwa kuku zilipata 230 kwa hekta, kama 93 kwa ekari. Tofauti ya mara kumi inatokana na maswali mawili tofauti. La kwanza huuliza kuku anahitaji nafasi gani. La pili huuliza ardhi inaweza kumeza nini.

Hakuna kati ya hesabu hizo inayoweza kuhamishiwa Mtinko kama ilivyo, kwa kuwa katika sehemu kubwa ya Ulaya mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Singida ina msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa kawaida milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Baada ya Mei nyasi iliyoliwa hairudi. Mwezi wa tatu ekari moja inaweza kubeba kuku mia bila kuonyesha kovu. Mwezi wa tisa kuku hao hao wataila mpaka mizizi. Kosa la kawaida ni kununua vifaranga kwa kutazama majani ya masika. Mimi ningeanza na kuku 40 kwa ekari, nikawaongeza tu ikiwa Septemba bado kuna mabua ya nyasi yaliyosimama.

Kupumzisha

Majirani wa kaskazini-magharibi wana somo lililo tayari. Wasukuma wa Shinyanga hutenga ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, nyasi hukua na kukauka zikiwa zimesimama, kisha hufunguliwa kiangazi kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya desturi hiyo, na ngitili zikaenea hadi zaidi ya hekta 300,000. Upande wa mashariki, katika eneo la Kondoa lililomomonyoka, serikali iliondoa mifugo yote mwaka 1979 chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO, na uoto ukarudi. Njia ya Kondoa ilikuwa ya amri na iliwaumiza wafugaji. Ya Shinyanga ilitoka kwa wenyeji. Zote mbili zinaonyesha kwamba ardhi ya ukanda huu hupona ikipumzika wakati wa mvua. Kupumzika kiangazi hakuisaidii kuota.

Kwa kuku, jambo hili linakutana na desturi ambayo Mtinko tayari inayo. Mtama na alizeti zinapopandwa, kuku hufungiwa, maana kuku mmoja anaweza kufukua mstari mzima wa mbegu na kesi ikafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kufungia huko hufanywa kwa ajili ya jirani, lakini huangukia zile wiki ambazo nyasi za uani zinahitaji kuachwa zichipue, zishike mizizi na kutoa mbegu. Mfugaji anayefungua kuku siku ile ile mazao yanapokuwa makubwa hupoteza nusu ya faida. Akiongeza wiki tatu au nne, ukoka hufunga ardhi.

Baada ya hapo eneo ligawanywe vitalu vitatu au vinne vinavyokutana bandani, kila kimoja na mlango wake. Uzio si lazima uwe wavu wa dukani: matawi ya miiba, mkonge, au minyaa hutosha, ingawa utomvu wa minyaa ni hatari kwa macho na watoto waonywe. Wakati wa mvua kuku waingie majani yakifika kimo cha kiganja, watoke yakibaki vidole vitatu. Mara nyingi hiyo ni wiki moja au zaidi kidogo, kisha kitalu kipumzike mwezi. Kalenda isishinde macho. Mvua ikikatika Februari, kama inavyotokea, kitalu kingoje.

Kitalu kimoja kisiguswe kabisa masika yote. Hicho ndicho ngitili ya kuku. Kifunguliwe Julai au Agosti, tena kwa saa chache tu, kuanzia saa kumi jioni. Giza likiingia kuku hurudi bandani wenyewe bila kukimbizwa. Asubuhi na mchana wakae kwenye kitalu kimoja cha karibu kilichotandazwa mabua na makapi, na mfugaji akubali kwamba hicho kimetolewa kafara. Ni afadhali robo ichakae kwa makusudi kuliko ekari nzima kwa bahati mbaya. Mashamba ya mtama na alizeti yaliyovunwa nayo huwa malisho mazuri hadi mwezi wa saba, kabla mbuzi hawajamaliza masazo.

Minyoo, kinyesi na chanjo

Inadhaniwa kwamba kuhamisha kuku humaliza minyoo. Haimalizi. Mayai ya minyoo mviringo ya kuku huweza kuishi miezi mingi kwenye udongo wenye kivuli na unyevu, kwa hiyo mwezi mmoja wa mapumziko hupunguza mzigo tu. Vijidudu vya kuhara damu vina haraka zaidi: kwenye joto na tope huwa tayari kuambukiza ndani ya siku mbili hivi, na ndiyo sababu vyombo vya maji vihamishwe kila siku na visiachwe vitengeneze dimbwi. Jua kali la kiangazi juu ya ardhi tupu huua vingi kuliko dawa, jambo linalokinzana kidogo na yote niliyosema kuhusu kivuli. Suluhisho la wastani ni kuwapa vifaranga kitalu kilichokaa bila kuku kwa muda mrefu zaidi, na kuwapa kuku wakubwa dawa ya minyoo siku chache kabla ya kuingia kitalu kipya.

Sehemu kubwa ya kinyesi hudondoka usiku chini ya vichanja vya kulalia. Kikitolewa na kuchanganywa na mabua hadi kuwa mboji, kikapelekwa kwenye mtama, malisho huepuka mzigo huo na udongo wa kichanga wa shamba hupata kile ulichokuwa unakikosa. Kisitiwe kibichi kwenye miche.

Malisho hayazuii ugonjwa wa kideri. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto na kutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huko Kibaha, hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kundi lisilochanjwa linaweza kwisha ndani ya wiki, nyasi zikibaki bila mlaji.

Kupanda upya na kupunguza

Penye uwanda mweupe, udongo ulegezwe kwa jembe mvua za kwanza zikinyesha na vipande vya ukoka vichomekwe. Nyasi ya *Cenchrus ciliaris*, ya asili ya Afrika na ngumu kwa ukame, hufaa kingoni. Serikali huzalisha mbegu za malisho kwenye shamba la Vikuge, Kibaha. Lukina hustawi, ila majani yake yana sumu ya mimosini, hivyo kwa kuku yawe kidogo sana. Mlonge ni salama zaidi. Kiangazi pengo huzibwa na mtama, pumba na mashudu ya alizeti, ambayo Singida haiyakosi. Mashudu ya mbegu zisizokobolewa yana nyuzi nyingi, hivyo yasiwe chakula kikuu. Chokaa ya mifugo au mifupa iliyochomwa na kusagwa lazima iongezwe, kwani ganda la yai moja hubeba karibu gramu 2 za kalisi na majani hayawezi kuzifidia.

Kazi iliyobaki ni ya Juni, baada ya mavuno, nafaka ikiwa bado nyingi na kuku wakiwa wanene. Majogoo wa ziada na makoo waliopunguza kutaga wapakiwe kwenye matenga na kuuzwa wakati huo, wasisubiriwe mpaka Oktoba, watakapokuwa wamekonda, wamekula akiba ya kitalu kilichofungwa, na kumkuta mnunuzi anayejua kwamba mfugaji hana pa kuwapeleka.