Jezi Isiyosahau Jasho

Mwenye jezi inayonuka hata baada ya kufuliwa husemwa upesi kuwa mvivu wa kufua. Historia ya kitambaa chenyewe yaelekeza lawama kwingine. Uvundo ule sugu, unaotulia nguo ikiwa kavu na kufufuka mwili ukipata moto, ni zao la mambo mawili ya karne ya 20: nyuzi za petroli kuchukua nafasi ya pamba, na maji ya kufulia kupoa. Mwaka 1941 wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, wa kampuni ya Calico Printers' Association ya Manchester, waliomba hataza ya poliesta, mojawapo ya nyuzi hizo. Baadaye wanamichezo waliipenda kwa sababu hainywi maji: pamba hubeba unyevu wa asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, poliesta haifikii hata 1. Ila uzi unaokataa maji hukumbatia mafuta. Jasho bichi karibu halina harufu. Ni bakteria wanaolivunjavunja ndio huleta kikwapa, na mafuta ya ngozi yaliyonasa kwenye uzi huhifadhi harufu hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wa fulana za watu 26 waliofanya mazoezi ya baiskeli. Zile za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria wa jamii ya Micrococcus walistawi kwenye poliesta.

Atakayepinga atasema kwamba hata mababu walitoka jasho, na jasho lao lilinuka. Kweli, lakini nguo yao ya pamba ilistahimili kuchemshwa. Sabuni ya Persil, iliyotoka Ujerumani mwaka 1907, ilikuwa na perborati, kemikali inayotoa oksijeni ndani ya maji ya moto, na sufuria la kuchemshia ndilo lililokuwa mahali pake. Nguo za nyuzi bandia hujikunja zikichemshwa. Kisha nishati ikapanda bei miaka ya 1970, na mashine za Ulaya zikazoea maji ya vuguvugu. Nguo iliyohitaji nguvu zaidi ikapewa nguvu kidogo. Wapo pia watakaotaja udi. Lakini Pwani hufukizwa nguo iliyokwisha takata. Moshi huongeza manukato, hauondoi mafuta.

Viwanda navyo vilijua. Kampuni ya nguo ya Patagonia ilianza kuuza nguo za ndani za polipropilini, uzi mwingine wa petroli, mwaka 1980, na mwaka 1985 ikazibadilisha kwa poliesta iliyotiwa dawa, kung'ang'ania kwa harufu kukiwa miongoni mwa sababu. Dawa ya ugonjwa ikawa binamu yake! Wengine wakatia chembe za fedha ziue bakteria, lakini uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona mwaka 2008 ulionyesha soksi kadhaa zikiachia fedha hiyo ndani ya maji. Chenye mantiki zaidi ni cha zamani: mwaka 1913 Otto Röhm wa Ujerumani alibuni matumizi ya vimeng'enya vya kongosho katika kufua. Jezi iliyogeuzwa ndani nje, ikalowekwa kwenye sabuni yenye vimeng'enya muda mrefu kabla ya kufuliwa, hupata nafasi ya kuachia uchafu wa jasho. Kilainishi cha nguo kiachwe, maana huongeza utando mwingine wa mafuta juu ya ule uliokuwapo.