Mashimo ya Wasirikwa: Mazizi ya Kale ya Sotik

Anayezuru magofu ya Roma huinua kichwa kutazama nguzo. Huku kwenye vilima vya Sotik, Kaunti ya Bomet, tazama chini. Shimo pana la mviringo, lenye umbo la sahani na lililofunikwa na nyasi, ni zizi la ng'ombe la Wasirikwa, wafugaji walioishi nyanda za juu za magharibi mwa Kenya tangu takriban mwaka 1200 hadi karne ya 18, kabla mche wa kwanza wa chai haujapandwa huku.

Zamani wataalamu walidhani watu ndio waliolala humu shimoni. Uchimbaji wa mwanaakiolojia John Sutton, ukiwemo wa Chemagel hapa Sotik, ulionyesha vingine: shimo lilikuwa la mifugo. Wenyewe walilala katika nyumba za mviringo zilizojengwa ubavuni, na milango yake ilifunguka kuelekea zizini. Kwa mwizi, kuwatoa ng'ombe humo haikuwa kazi rahisi.

Mwombe kiongozi wako akupeleke upande wa chini wa mteremko, penye lango. Kichuguu kilicho mbele yake si cha asili: ni samadi na matope yaliyozolewa zizini mwaka baada ya mwaka, pamoja na majivu ya jikoni. Humo ndimo hupatikana vigae vya vyungu na mifupa ya mifugo.

Jembe na trekta vimeshasawazisha mashimo mengi. Tafadhali usichimbe, na ukiona kigae kiache palepale.