Tarehe ya Tofali na Mwanasesere: Habari za Ufipa na Mchezo wa Kuunga

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na ambao mji wake mkubwa ni Sumbawanga, husifiwa aghalabu kwa mahindi, maharage, ulezi na baridi yake. Ni nadra kutajwa katika habari za michezo. Hata hivyo, mtu atakaye kuandika tarehe ya mchezo ambao leo umewashika wakubwa kwa wadogo katika Ulaya, Marekani na Asia, yaani matofali madogo ya plastiki yashikamanayo na wanasesere wadogo wakaao ndani ya majumba yake, atalazimika, akiwa mwadilifu katika kazi yake, kuianza habari hiyo katika ukingo wa uwanda huu kabla ya kufika Denmark, ambako mchezo wenyewe uliundwa. Mchezo huo umesimama juu ya mambo matatu: kipande kishikacho kipande, umbo la mtu lililofanywa dogo, na ada ya kukusanya na kuhakiki vilivyoundwa. Mawili ya kwanza yana nasaba ndefu katika nchi zetu. La tatu ndilo tulilochelewa nalo.

Kusini magharibi mwa Ufipa, katika wilaya ya Kalambo ambayo makao yake makuu ni Matai, mto Kalambo hufanya mpaka wa Tanzania na Zambia, kisha huporomoka mara moja kwa kimo kinachozidi mita 200 na kushika njia ya Ziwa Tanganyika. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, mwanachuoni J. Desmond Clark alianza kuchimba katika miaka ya 1950, akapata zana za mawe na mabaki ya miti ya kale. Mwaka 2019 jopo la wataalamu lililoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool lilichimba tena mahali pale, na mwaka 2023 likautangazia ulimwengu habari ya magogo mawili yaliyokingamana, la juu likiwa limechongwa pengo kwa makusudi ili likae juu ya la chini bila ya kuteleza. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 476,000 kwa uchache, wakati ambapo binadamu wa umbo letu alikuwa bado hajatokea duniani. Na kilichoyahifadhi yasioze ni maji na matope yaliyokosa hewa. Hapakuwa na msumari, wala gundi haikutumika: pengo na uzito vilitosha. Hiyo ndiyo shahada kongwe kupita zote tulizo nazo ya kiumbe aliyeunga vipande viwili vya mti ili vifanye kazi ambayo kimoja peke yake kisingeiweza.

Kutoka hapo tarehe yavuka zama nyingi hadi kwa wahunzi wa Kifipa, ambao sifa yao ilienea mbali kabla ya Mzungu wa kwanza kukanyaga uwanda. Tanuru lao refu, liitwalo ilungu, na kwa wingi malungu, lilipata kimo cha kiasi cha mita tatu, na ukuta wake uliinuliwa kwa mabonge ya udongo wa kichuguu, safu juu ya safu, likiachiwa matundu chini ya kupitishia hewa. Ustadi wake mkubwa ulikuwa katika jambo hili, kwamba halikuhitaji mivukuto: urefu wake wenyewe uliivuta hewa kutoka chini, na moto ukawaka kwa nguvu zake. Chuma kilichotoka humo, kikiwa bado kimechanganyika na taka, kilipelekwa katika tanuru la pili, dogo lenye mivukuto, lijulikanalo kwa jina la kintengwe, ndipo kikapata kufaa kwa majembe na mashoka. Fauka ya hayo, ilungu halikuhesabiwa kuwa kitu kisicho na uhai. Lilifanywa bibi arusi, likapambwa, likawekewa dawa zilizotunzwa na bingwa wa wahunzi, na wafanyao kazi hiyo walijizuia na wake zao mpaka kazi imalizike. Padri Robert Wyckaert wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadri Weupe, aliandika habari za wahunzi wa pande hizi mwaka 1914; na J. A. R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa akazichapisha nyingine mwaka 1969, wakati ambapo kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kuuawa na majembe ya madukani. Malungu yaliyosalia husimama mashambani hadi leo, mengine yakiwa mazima na mengine yamemeguka, na mahindi hulimwa pembeni mwake.

Tofali lenye pembe nne lililopigwa katika kalibu lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1885 wamisionari hao walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa na Wabelgiji tangu 1879. Na chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeziongoza kazi zao tangu 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, misheni zilipanda kutoka pwani ya ziwa hadi juu ya uwanda, na makanisa makubwa ya tofali yakasimama mahali palipozoea nyumba za miti, udongo na nyasi. Vijana waliofyatua matofali ya misheni walirudi kwao na ujuzi ule, na kazi ikawa ya wananchi wote. Kiangazi kinapotulia, udongo hukatwa, humwagiwa maji, hukanyagwa hata ukalainika, hupigwa katika kibao, huanikwa, kisha hupangwa kuwa tanuru lenye mapango ya kuwekea kuni, likakandikwa matope nje ili joto lisipotee, na likachomwa usiku na mchana. Nyumba nyingi za Sumbawanga na vijiji vyake ni zao la kazi hiyo, na msitu mwingi umekwenda nayo. Kwa ajili hiyo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana, ambayo hushindiliwa kwa mashine kutokana na udongo na saruji kidogo bila ya kuchomwa, yakawa na ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili, hata ukuta ukainuka kwa saruji kidogo mno baina ya tofali na tofali. Atazamaye fundi akipanga ukuta wa namna hiyo ataona kanuni ile ile iliyomo katika mchezo wa watoto wa Ulaya, kwa kipimo cha nyumba ya kukaliwa.

Mchezo wenyewe ulianzia kwa seremala. Ole Kirk Christiansen, mkazi wa kijiji cha Billund, aliona kazi za ujenzi zikiadimika wakati wa dhiki kuu ya uchumi, na mwaka 1932 akaanza kuchonga vitu vya kuchezea vya mti. Mwaka 1949 kiwanda chake, kilichokwisha kuitwa LEGO, kilitoa matofali ya plastiki yaliyofuata mfano wa yale ya Mwingereza Hilary Fisher Page. Lakini yalikuwa matupu chini, na mnara wake ulianguka kwa kuguswa. Dawa ilipatikana na mwanawe, Godtfred, ambaye tarehe 28 Januari 1958 aliandikisha hataza ya tofali lenye vifundo juu na mirija ndani, likishikana na mwenzake kwa nguvu ya kutosha kusimama, na kwa wepesi wa kutosha kubanduliwa na mkono wa mtoto. Mwaka 1960 ghala la vitu vya mti liliungua, na kiwanda kikaiacha kazi ya mti moja kwa moja. Tangu hapo usahihi wa kalibu umekuwa ndiyo fahari yake: tofali la mwaka 1958 huingia katika tofali la leo bila ya kulazimishwa, na matofali sita ya vifundo vinane, ya rangi moja, yaweza kuungwa kwa namna 915,103,765.

Mwanasesere alichelewa kuja. Alitolewa mwaka 1978 na mbunifu Jens Nygaard Knudsen, kimo chake kiasi cha sentimita nne, miguu na mikono ikigeuka, kiganja kikishika upanga au fagio. Uso wake ulipakwa rangi ya manjano ili asihesabiwe kuwa wa taifa lolote, na kwa miaka 25 aliishi hivyo, mpaka mwaka 2003 walipotolewa wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani wenye rangi zao za asili, weusi kwa weupe. Hapo ilidhihirika kwamba umanjano ule ulifaa kwa mtu wa kubuniwa, bali mtu halisi hakubali kuvuliwa ngozi yake.

Katika nchi zetu umbo dogo la mtu lilikuwa na kazi nzito zaidi. Mwaka 1956 vilitoka vitabu viwili vyenye kushuhudia jambo hilo. Kimoja kiliandikwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika katika elimu ya mila, nacho chahusu sanamu za udongo zilizotumika katika unyago wa makabila mbalimbali ya Tanganyika. Cha pili kiliandikwa na Audrey Richards, kuhusu unyago wa wasichana wa Wabemba, watu wa ng'ambo ya mpaka, kama alivyouona mwaka 1931. Katika unyago huo vilifinyangwa vitu vya udongo, watu na wanyama na vyombo, kila kimoja kikiwa na wimbo wake na maana yake juu ya ndoa, kazi na heshima. Na vingi vilivyogharimu saa nyingi za ufinyanzi na upakaji wa rangi vilivunjwa siku ile ile vilipomaliza kufundisha. Mkusanyaji wa Ulaya, ambaye huacha sanduku lake bila ya kufunguliwa ili thamani yake ipande, angeona kazi hiyo kuwa hasara. Na kungwi wa Kibemba angemwuliza sanduku lisilofunguliwa limemfundisha nani. Mizani hizo mbili zatofautiana, na kila moja ina haki yake, walakini ile ya pili ina hatari yake: wafundishaji wakiisha, hakuna kinachosalia ila kile ambacho mgeni alikiandika.

Hapa ndipo tunapofikia jambo la tatu. Wapenzi wa matofali ya Denmark wamejenga elimu nzima ya uhakiki. Kila seti ina namba yake na kijitabu chake cha maelekezo. Mhakiki huijenga mwenyewe tangu kipande cha kwanza, kisha hueleza vipande vingapi ni vipya, rangi zipi hazijapata kuonekana, picha zipi zimechapwa juu ya kipande na zipi ni karatasi za kubandika, mwanasesere yupi hapatikani katika seti nyingine, na kama bei yalingana na kilichomo. Wingi wa vipande haumpumbazi: Koloseo la mwaka 2020 lina vipande 9,036, meli Titanic ya mwaka 2021 ina 9,090, na ramani ya dunia ya mwaka huo huo ina 11,695, bali ramani, iliyoshinda kwa hesabu, ni vidoti bapa vinavyorudiwa juu ya ubao, ambapo Koloseo humfundisha mjenzi namna ukuta uliopinda unavyoweza kutoka katika vipande vyenye pembe. Seti njema ni ile imwachayo mjenzi akijua jambo ambalo hakulijua kabla ya kuifungua, na hukumu hii yafaa pia kwa kazi za mikono za kwetu.

Ajabu ni kwamba mali ya mchezo huo ilipofika Tanzania kwa wema, ilikuja bila ya plastiki. Tangu mwaka 2015 taasisi ya hisani ya LEGO ilishirikiana na shirika la BRAC kuanzisha vituo vya michezo vya watoto wadogo katika Bangladesh, Uganda na Tanzania, na vifaa vyake vingi vilifanywa kwa vitu vinavyopatikana mahali penyewe. Waanzilishi wa mpango huo walitambua kwamba mkono wa mtoto hujifunza kutokana na kuunga, na kinachoungwa chaweza kuwa bua, kitambaa au kizibo cha chupa.

Mtoto wa Ufipa naye hufinyanga ng'ombe wa udongo, huunda gari la mabua ya mahindi, hupinda waya akapata usukani. Na jioni kitu hicho hutupwa, mvua ikakiyeyusha, na pasiwepo aliyekipa namba wala aliyekiandikia mstari mmoja. Taifa lililoweza kuhifadhi habari za ilungu kwa sababu mtu mmoja alizifuata mwaka 1969 laweza kuhifadhi pia habari za gari la mabua. Basi walimu wa shule za msingi za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, viongozi wa parokia zenye vyumba visivyotumika, na maofisa utamaduni wa mkoa wa Rukwa, watenge kabati moja tu katika kila mahali, waweke humo kazi za watoto wa mwaka huu, na kila kitu kiandikiwe kijiji kilikotoka, kitu kilichotumika, namna kilivyoungwa, mchezo uliochezwa nacho, na hukumu ya watoto wenyewe juu ya kipi ni bora na kwa nini. Gharama ya kazi hiyo ni daftari na kalamu, na wakati wake ni kiangazi hiki, udongo ungali mkavu na mabua yangali mashambani.