Seva pacha, akidi na feri ya Likoni: majina yalikotoka

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, tuongee kuhusu maunzi. Ziko mashine ambazo hazitakiwi kulala hata dakika moja: seva za benki, za simu, za hospitali. Vifaa vyake vina majina, kila jina lina historia, na mengi kati yake sisi watu wa pwani tayari tuna neno lake.

Tuanze Marekani. Mwaka 1974 Jimmy Treybig na wenzake walianzisha kampuni ya Tandem Computers huko California. Zama hizo aliyetaka tarakilishi isiyozimika kwa kawaida alinunua mbili: moja ifanye kazi, ya pili ikae tu ikingoja mwenzake afe. Pesa nyingi kwa mashine inayosinzia. Tandem wakaja na wazo jingine. Mfumo wao wa NonStop, uliofika kwa mteja wa kwanza, Citibank, mwaka 1976, ulikuwa na prosesa 2 hadi 16, na zote ziko kazini. Kila prosesa na kumbukumbu yake. Njia za mawasiliano mbili. Diski mbili zenye maandishi yaleyale. Kikifa kimoja, kilichobaki kinabeba mzigo.

Sasa tazama majina.

Mapigo ya moyo. Ndani ya NonStop kila prosesa iliwatumia wenzake ujumbe mfupi kila sekunde: niko hai. Ukikosekana, wenzake wanahesabu kwamba amekufa na kuchukua kazi zake. Mpaka leo ujumbe huo unaitwa mapigo ya moyo.

Diski pacha. Hizi ni diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja. Waingereza husema kioo, lakini mimi naona pacha ni bora. Ukivunja kioo hakuna kinachobaki. Pacha mmoja akiondoka, mwingine yupo.

Akiba. Neno la Kiingereza kwa kifaa cha ziada linabeba pia maana ya kitu kisichohitajika, na ndiyo maana wahasibu hupenda kukifuta kwenye bajeti. Kiswahili kina akiba, na sote tunajua akiba haiozi. Mwambie bosi unataka pawa saplai ya akiba, uone kama atakataa.

Akidi. Mwaka 1983 kampuni ya Digital ilitoa VAXcluster, na neno klasta likapata umaarufu. Hapo likazuka swali: nodi zikipoteza mawasiliano, kila upande ukadhani mwenzake amekufa, nani aandike kwenye diski? Jibu lilikuwa kura. Upande usiotimiza akidi unasimama kazi. Ni akidi ileile ya vikao vya bunge na chama. Wahenga walishatuonya: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tahadhari moja: si kila klasta inavumilia hitilafu. Beowulf, iliyoundwa NASA mwaka 1994 na Thomas Sterling na Donald Becker, ilitafuta kasi kwa bei nafuu. Jina la klasta peke yake lisikudanganye.

Sasa turudi nyumbani. Mkazi wa Likoni hahitaji kufundishwa klasta, anaivuka kila asubuhi. MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini zilianza kazi mwaka 1990. MV Kwale na MV Likoni zikaongezwa mwaka 2010, kisha MV Jambo mwaka 2017. Feri moja ikiharibika, nyingine zinapokea abiria wake. Lakini zilizobaki zinaweza kubeba wangapi? Hilo ndilo swali ambalo mafundi wa seva husahau. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama na watu 272 wakafa. Kila nikisoma mchoro wa seva unaosema nodi iliyobaki itabeba kila kitu, hao ndio ninaowakumbuka.

Kuna jambo la pili. Feri sita kwenye mlango mmoja wa bahari bado ni njia moja. Daraja la kuelea la Likoni, lililofunguliwa kwa waenda kwa miguu mwanzoni mwa 2021, liliongeza njia ya aina nyingine kabisa. Hapo ndipo uvumilivu wa kweli unapoanza: vifaa visivyoweza kufa kwa sababu moja.

Nyaya za baharini zilitufundisha hivyo hivyo. Mwaka 2009 TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, tukaachana na utumwa wa setilaiti. EASSy ikafuata mwaka 2010. Watu wakasema tumemaliza. Februari 2012 nyaya kadhaa zikakatika Bahari Nyekundu, EASSy miongoni mwake. Kabla hazijatengenezwa, tarehe 25 mwezi huohuo, meli ikatia nanga nje ya bandari ya Mombasa na kukata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika siku moja upande wa kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea. Kwenye karatasi zilikuwa mbili. Baharini zilipita jirani.

Kwa nini haya yamhusu mama muuza viazi karai wa Kisauni? Kwa sababu M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, iliendeshwa na seva zilizokuwa Ujerumani mpaka ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Shilingi mia ya kutoka Kisauni hadi Changamwe ilizunguka Ulaya kwanza. Leo hata Miritini, karibu na Changamwe, kuna kituo cha data cha iColo. Mashine zimesogea karibu, na lugha nayo isogee. Fundi anayeelewa akiba, pacha na akidi kwa lugha ya mamake ataona mapema palipobaki uzi mmoja.

Wewe fundi mwenzangu, kazini kwenu mnaitaje seva inayongoja zamu? Mimi naiita utingo: dereva akizidiwa, anashika usukani. Kama una jina bora, lilete. Tuonane wiki ijayo.