Pumzi kwa Kipimo

Msomaji wangu, ukiwa umeketi darasani au nyumbani kwenu Lucky Summer, weka mkono juu ya kifua chako, utulie, kisha uhesabu. Katika dakika moja utavuta pumzi kiasi cha mara 12 hadi 20, na kila pumzi ni kama nusu lita ya hewa, yaani ujazo wa chupa ya soda ya dukani. Kazi hiyo huifanya usiku na mchana pasipo kuamriwa na mtu. Ni neema ya bure, na neema ya bure ni nadra kuhesabiwa mpaka ikatike. Insha hii ni habari ya watu ambao iliwapasa kuihesabu pumzi ya wenzao, na ya somo walilojifunza kwa gharama kubwa: kwamba pumzi, kama dawa, huponya kwa kipimo na hudhuru ikizidi.

Kwanza yafaa umjue adui. Ndani ya mapafu mna mamilioni ya vifuko vidogo vyenye kuta nyembamba mno, na hapo ndipo hewa hukutana na damu. Nimonia kali, vijidudu vilivyoenea mwilini, au majeraha makubwa ya ajali huweza kuzidhuru kuta hizo hata zikavuja. Vifuko hujaa maji, na mgonjwa huwa kama mtu azamaye ilhali yu nchi kavu. Hutweta, midomo yake hubadilika rangi, na asiposaidiwa upesi hufa.

Msaada ulianza kwa mikono ya watu. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliivamia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Polio haikuyadhuru mapafu yenyewe, bali ilipooza misuli ya kupumulia. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno, na katika majuma matatu ya kwanza, wagonjwa 27 kati ya 31 walioshindwa kupumua walikufa. Ndipo koo la msichana wa miaka 12 lilipotobolewa, na daktari Bjørn Ibsen akaingiza mpira mwembamba, akamjaza hewa kwa kuuminya mfuko kwa mkono. Msichana akaishi. Basi wanafunzi wapatao 1,500 wakaitwa, wakapokezana zamu mchana na usiku, kila mmoja akiminya mfuko kando ya mgonjwa wake. Vifo vilivyokuwa zaidi ya 80 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi karibu 40, kisha vikazidi kupungua. Kutokana na kazi hiyo vikazaliwa vyumba vya wagonjwa mahututi tunavyovijua leo.

Baadaye mashine zikachukua mahali pa mikono. Mwaka 1967 madaktari wa Denver, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 12 ambao mapafu yao yenyewe yalikuwa yamejaa maji, na ugonjwa huo ukapata jina. Madaktari wakafikiri hivi: mgonjwa amekosa hewa, basi na apewe hewa tele. Fikira hiyo yaonekana ya haki, lakini ilikuwa na kosa ndani yake. Mapafu yaliyojaa maji hayabaki wazi yote. Sehemu iliyosalia huweza kuwa ndogo kama mapafu ya mtoto, na pumzi ya mtu mzima ikisukumwa humo kwa nguvu, huvinyoosha vifuko vilivyo vizima hata vikajeruhiwa. Mashine iliyokuja kuokoa ikawa inaongeza jeraha.

Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2000, wakati matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 861 nchini Marekani yalipotangazwa. Kundi moja lilipewa mililita 12 za hewa kwa kila kilo ya mwili. Kundi la pili lilipewa 6 tu. Uzito huo haukupimwa kwa mizani, bali ulikadiriwa kwa urefu wa mtu, kwa sababu mapafu hayaongezeki kwa unene. Mathalani, mwanamume wa sentimita 175 huhesabiwa kuwa na kilo 70 hivi, na pumzi yake ndogo ni mililita 420, pungufu ya ile chupa yetu ya soda. Katika kundi la pumzi kubwa walikufa karibu 40 katika kila 100. Katika kundi la pumzi ndogo walikufa 31. Mashine zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kipimo.

Mwaka 2013 likaongezwa somo la pili, kutoka Ufaransa. Wagonjwa walio taabani zaidi walilazwa kifudifudi kwa muda wa saa 16 au zaidi kila mara. Vifo katika siku 28 vilipungua kutoka 33 katika kila 100 hadi 16. Tiba hiyo haikudai mtambo mpya. Ilidai mikono ya wauguzi hodari wanaojua kumgeuza mgonjwa kwa uangalifu.

Sasa utauliza, msomaji: sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu gani katika habari hii? Sehemu yetu ni kubwa. Sheria za zamani zilitaka ugonjwa huu uthibitishwe kwa mashine ya kupumulia, kipimo cha hewa katika damu, na picha ya kifua. Penye upungufu wa vitu hivyo, ugonjwa ulionekana kana kwamba haupo. Katika hospitali kuu ya mafunzo ya Kigali, Rwanda, watafiti walitumia kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni na mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016: kati ya watu wazima 1,046 waliolazwa, 42 walikuwa na ugonjwa huo, na nusu yao walikufa. Kwa sheria za zamani, hata mmoja asingalihesabiwa. Mwaka 2023 maelezo mapya ya ugonjwa huo kwa dunia nzima yalikubali vipimo vya namna ile ya Kigali.

Korona ilipoingia Kenya, Machi 2020, taifa la watu zaidi ya milioni 47 lilikadiriwa kuwa na mashine za kupumulia 256 tu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika Barabara ya Thika, si mbali na Lucky Summer, wakaunda mashine yao wenyewe. Ni jambo la kusifiwa. Lakini kumbuka kwamba mashine haijui urefu wa mgonjwa wala haimgeuzi kitandani. Pasipo oksijeni, umeme na muuguzi aliyefunzwa, ni sanduku tu.

Basi usidharau hesabu ndogo ufundishwayo darasani, ya urefu, ujazo na mgawanyo. Huenda siku moja, kando ya kitanda cha jirani yako, hesabu hiyo ndiyo itakayopambanua pumzi inayoponya na pumzi inayoua.