Ngurumo za Nyandarua

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika mwaka 1940, ndege za Waitalia zilitupa makombora Wajir na Malindi. Nakuru, ambako marubani wa Kiingereza walifundishwa kazi yao, haikupigwa. Makombora yaliwakaribia watu wa Bonde la Ufa miaka minane baada ya vita hivyo kwisha, nayo hayakutupwa na adui wa kigeni, bali na serikali iliyowatawala.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwanzoni mwa mwaka 1953 msitu wa milima ya Nyandarua ulifanywa eneo la marufuku. Aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa neno. Mwaka huo huo ndege ndogo ziitwazo Harvard zilianza kutupa makombora ya ratili 20. Mwezi wa Novemba zikaja Lincoln, ndege kubwa za injini nne, zenye makombora ya ratili 500 na hata 1,000.

Watoto wa vibarua katika mashamba ya walowezi, chini ya milima hiyo, hawakuzijua hesabu hizo. Mzee mmoja, aliyekuwa mchunga ndama upande wa Kinangop, alinieleza kwamba alisikia ngurumo na mbingu ni nyeupe, akangoja mvua isiyokuja. Mama yake alimwita ndani, akafunga mlango, asiseme lolote. Maana ndugu yake alikuwa msituni.

Mwanafunzi wa historia hana budi kuzipima habari za namna zote mbili. Kumbukumbu ya mtoto haina tarehe, na huenda ikazidisha idadi ya ndege. Lakini taarifa za kijeshi, zilizohesabu makombora kwa uangalifu, hazimtaji mama aliyefunga mlango. Asomaye upande mmoja amejua nusu.

Tarehe nazo zatufundisha jambo. Makombora yaliangusha miti na kuua wanyama wengi wa mwitu. Lincoln ziliondolewa mwaka 1955, na Dedan Kimathi alikuwa angali msituni. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, si kwa nguvu za ndege, bali kwa risasi ya askari wa doria.

Waliozisikia ngurumo hizo utotoni sasa ni wazee, nao wanapungua. Mwenye babu au nyanya wa rika hilo na amwulize mapema, aandike aliyoambiwa, kisha atafute tarehe zake vitabuni.