Ukihama Usukumani, unauza nini?

Leo tuongee habari ya nyumba. Si kujenga, maana habari za kujenga tunazisikia kila siku kwenye daladala, bei ya saruji imepanda, bati zimefika wapi. Nataka tuongee habari ya kuuza nyumba pale mtu anapoamua kuhama mkoa kabisa na harudi. Tunadhani ni jambo jepesi, unaita dalali, mnaelewana bei, unapanda basi. Lakini ukiangalia historia ya kwetu utakuta kwamba mtu kuuza nyumba yake pamoja na kiwanja, waziwazi, kwa bei aliyoitaka mwenyewe, ni jambo la juzi tu.

Tuanzie Bujora. Wengi mnaijua kwa sherehe za Bulabo, mwezi wa sita, Bagika na Bagalu wanapambana kwa ngoma na kila upande unadai umeshinda. Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec, alianza kazi pale miaka ya 1950, na yeye na Wasukuma aliofanya nao kazi ndio walioanzisha Makumbusho ya Wasukuma. Hata kanisa lilijengwa kwa umbo la msonge. Ukienda, wageni wengi wanakimbilia ngoma na viti vya batemi. Wewe simama kidogo mbele ya nyumba ya kawaida, ile ya fito, udongo na nyasi, halafu jiulize: mwenye nyumba hii alipotaka kuhama, aliiuzaje?

Hakuiuza. Kwanza nyumba yenyewe haikujengwa ili idumu miaka hamsini. Nyasi zinaoza, mchwa wanakula fito, unajenga nyingine. Pili, ardhi haikuwa yake kwa maana tunayoifahamu sisi. Ilikuwa chini ya ntemi, na aliyeigawa kijijini ni ng'wanangwa. Mwenye kaya alikuwa na haki kubwa ya kuitumia, hakuna mtu angemwingilia shamba lake akiwa analilima. Lakini siku akifunga mizigo, lile tongo lilirudi kwa ng'wanangwa, naye akampa mwingine aliyekuja kuomba. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, aliandika kitabu kizima kuhusu sheria na mila za Wasukuma, kikatoka mwaka 1953, na suala la ardhi limo humo kwa kirefu. Utajiri wa mtu ulikuwa ng'ombe wake na nafaka ghalani, na vyote hivyo vinahamishika. Kwa hiyo Msukuma aliweza kuhama (kusama, kama wanavyosema wenyewe) bila kupoteza mali. Nadhani hii ndiyo sababu mojawapo ya watu wa kwetu kuhama kirahisi vile. Wengine wanasema ni tabia. Mimi nasema ni hesabu.

Wakoloni hawakubadilisha sana hapo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilisema ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma chini ya Gavana, na mwaka 1928 ikarekebishwa ili kutambua wenyeji wanaoimiliki kwa mila zao. Wakati huo pamba na mifugo vilikuwa vimeijaza nchi kuanzia Mwanza hadi Kwimba na Maswa. Ndipo ukaja Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, 1947 hadi 1956, makao yake Malya. Serikali ilichimba malambo, ikahimiza watu wapunguze ng'ombe (wakakasirika sana), ikafungua maeneo ya Geita ili watu wahamie huko. Na walihamia kweli, maelfu kwa maelfu. Huyo aliyetoka upande wa Magu kwenda Geita hakuuza kiwanja. Aliacha, akaenda akapewa kingine.

Uhuru ukaja. Mwaka 1963 batemi waliondolewa madaraka, na ile ardhi ya wachache waliokuwa na umiliki wa kudumu, wa kizungu, nayo ikageuzwa kuwa ya serikali. Gavana akatoka, Rais akaingia. Ukitazama vizuri ni mtindo uleule wa ntemi, ila ntemi sasa yuko Dar es Salaam na hukujui kwa jina.

Hapa tuingie mjini kidogo, maana mjini mambo yalikuwa tofauti. Katikati ya Mwanza, Makoroboi na mitaa ya jirani, nyumba nyingi za matofali zilikuwa za Watanzania wenye asili ya Asia. Hizi zilikuwa mali ya kuuzika, zenye hati. Tarehe 22 Aprili 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Jengo lenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, ambalo mwenyewe halikai bali kapangisha, likachukuliwa na serikali. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa fidia hata senti. Msajili wa Majumba ndiye akawa baba mwenye nyumba, mpaka mwaka 1990 kazi yake ilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wengi wa waliopoteza majengo waliondoka nchini miaka iliyofuata, wakaenda Uingereza na Kanada. Hao ndio watu waliohama bila kupata nafasi ya kuchagua namna ya kuuza. Najua wapo wanaosema walistahili kwa sababu walitunyonya kwa kodi. Sawa, lakini kulikuwa na mzee aliyejenga ghorofa moja kwa jasho la duka la miaka thelathini, naye aliwekwa kapu moja na mwenye majengo kumi. Hilo sijawahi kuliona kuwa haki.

Kilichochekesha ni kilichofuata. Mpangaji wa nyumba ya serikali hana nyumba ya kuuza, si ndiyo? Basi watu wakauza upangaji! Unaondoka mjini, anayekuja kushika vyumba vyako anakupa kilemba. Fedha inapita mkono kwa mkono, risiti hakuna. Binadamu ukimfungia mlango wa kuuza, atauza hata ufunguo.

Vijijini mambo yalikuwa magumu zaidi. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Usukumani, ambako kaya zilikuwa zimetawanyika, mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa malori. Wazee wanakumbuka mtu anang'oa bati na milango usiku ili apate cha kuezekea huko anakopelekwa, maana asipong'oa zitabaki na kuharibika. Fidia ya nyumba ya zamani hakuna. Baadaye, miaka ya 1980, watu walipoanza kurudi kwenye matongo yao, walikuta wengine wanalima, na ugomvi ukafika mahakamani nchi nzima. Mwaka 1992 serikali ilitunga sheria ya kufuta madai hayo ya kimila. Mkulima mmoja wa Mbulu na mwanawe waliipinga, kesi ikafika Mahakama ya Rufani (rufaa namba 31 ya mwaka 1994), na chini ya Jaji Mkuu Nyalali mahakama ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kwangu mimi, hapo ndipo kaya ya mwanakijiji ilipoanza kuwa mali mbele ya sheria.

Lakini kuuza bado kulikuwa na kizungumkuti. Kwa miaka mingi msimamo wa sheria ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei, unachouza ni maendelezo: nyumba, visima, miti. Ndiyo maana watu walisimamisha kibanda cha kuku kwenye kiwanja, kibanda kikauzwa kwa bei ya ghorofa. Sera ya Ardhi ya 1995, halafu Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, ndizo zilizokubali kwamba ardhi ina thamani. Marekebisho ya 2004 yakalegeza zaidi.

Kwa nini nayasema yote haya? Kwa sababu baba mdogo, ambaye kaya yake haiko mbali na Bujora, ameamua kuhamia Katavi kwa wanawe. Kisesa ya leo si ile ya malori, mji wa Mwanza unaisogelea kila mwaka, na kila wiki anakuja kijana na pikipiki kuulizia kiwanja. Ukoo umegawanyika. Wakubwa wanasema ang'oe bati, mbao na milango, auze hivyo, halafu ardhi imwachie mtoto wa kaka. Vijana wanasema auze vyote kwa mpigo, bei ni nzuri. Wapo wanaosema apangishe. Kila upande unadhani unasema jambo jipya, kumbe wakubwa wanasema sheria ya ng'wanangwa na vijana wanasema sheria ya 1999.

Nimemwambia mambo mawili tu. La kwanza, aulize kama eneo lake limeshapimwa kuwa viwanja vya mji au bado ni ardhi ya kijiji. Kama ni ya kijiji, Sheria Na. 5 inataka halmashauri ya kijiji iridhie, na mnunuzi awe mkazi au mtu anayekusudia kuja kuishi au kufanya kazi pale. Karatasi ya dalali yenye mashahidi wawili haitoshi, hata ukilipa ile asilimia 10 ambayo ofisi nyingi zimezoea kudai. La pili, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mkewe, na hivyohivyo mke.

La kwanza aliliandika kwenye kikaratasi. La pili lilimfanya anyamaze kidogo, kwa sababu katika vikao vyote vitatu vya ukoo mama mdogo alikuwa jikoni, na hakuna aliyemuuliza. Makaburi ya wakwe zake yako nyuma ya nyumba hiyo, na yeye ndiye anayeyapalilia. Kikao cha nne ni Jumapili baada ya misa, na safari hii baba mdogo amesema wakae wote sebuleni.